Sura ya 6: Mtakatifu, Mfalme na Mtu wa Tatu

Wasifu wa msomi ni kazi ngumu kuliko wasifu wa mwanamuziki au mwanasiasa. Nyimbo za mwanamuziki msomaji anazo sikioni, na barabara aliyoahidi mbunge anaipita kila siku, kwa hiyo mwandishi akitia chumvi anakamatwa papo hapo. Kazi ya profesa wa hisabati hatuna pa kuionjea. Kurasa zake hatuzielewi. Wanaozielewa ni wachache, na mara nyingi wachache hao ndio washindani wake. Mwandishi wa habari anayeingia huko hulazimika kutupa kitu kingine badala ya kazi yenyewe: tabia ya mtu, mavazi yake, ugomvi wake. Tabia tunaielewa upesi, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu tunafunga gazeti tukidhani tumeihukumu kazi, kumbe tumemhukumu mwenye kazi.

Magazeti yetu ya Kiswahili kwa kawaida huikwepa hatari hiyo kwa kusifu. Profesa akistaafu au akifariki, tunaelezwa alizaliwa wapi, alisoma wapi, alishika vyeo gani na ameacha watoto wangapi. Alichokigundua kinapewa sentensi moja, tena ya jumla. Hiyo ni heshima, na heshima ina mahali pake, lakini wasifu uliokamilika lazima uthubutu kupima. Kwa sababu hiyo nimechagua makala iliyothubutu kuliko nyingi ninazozijua. Inaitwa "Manifold Destiny", ilitoka katika jarida la The New Yorker toleo la tarehe 28 Agosti 2006, na waandishi wake ni Sylvia Nasar na David Gruber. Nasar hakuwa mgeni katika ulimwengu wa wanahisabati. Mwaka 1998 alikuwa ametoa kitabu A Beautiful Mind, kinachosimulia maisha ya John Nash, na wakati wa makala hii alikuwa akifundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa maoni yangu makala hii ni kati ya wasifu bora wa wasomi ulioandikwa karne hii, na papo hapo imemtendea isivyo haki mmoja wa wasomi wake. Sifa hizo mbili zimo humo pamoja, na inafaa kuzitazama bila kuiacha moja imeze nyingine.

Kwanza swali lenyewe. Chukua chungwa, ulizungushie kitanzi cha uzi, kisha ukaze uzi polepole bila kuubandua kwenye ganda. Utateleza na kusinyaa mpaka uwe nukta. Uzi uliopita ndani ya mkono wa kikombe hauwezi kufanya hivyo; utakwama. Mwaka 1904 Mfaransa Henri Poincaré aliuliza kama tofauti hiyo inatosha kulitambua tufe katika ngazi inayofuata, ile ya maumbo ya vipimo vitatu ambayo jicho haliwezi kuyatazama kwa nje. Ikiwa kila kitanzi ndani ya umbo kama hilo kinaweza kusinyaa hadi nukta, je, lazima umbo liwe tufe? Swali linaelezeka kwa dakika mbili, lakini lilikaa karibu karne nzima bila jibu. Mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani ililiweka kati ya maswali saba, kila moja likiwa na zawadi ya dola milioni 1.

Njia ya kulijibu ilianza kufunguliwa mwaka 1982, Richard Hamilton alipoanzisha mbinu iitwayo mtiririko wa Ricci. Ni mlinganyo unaolibadilisha umbo kidogo kidogo ili mikunjo yake isawazike. Tatizo ni kwamba umbo likiendelea kubadilika, pengine hubanwa shingo mahali fulani na kukatika, na hesabu inavunjika hapo. Hamilton alipambana na shingo hizo kwa miaka mingi. Mnamo Novemba 2002 Mrusi mmoja wa St. Petersburg, Grigori Perelman, aliweka kwenye intaneti andiko la kurasa 39 bila kulipeleka kwenye jarida lolote. Mengine mawili yalifuata mwaka 2003. Kurasa zote pamoja hazifiki 70, na ndani yake mlikuwa na ufumbuzi wa shingo hizo. Aprili 2003 alikwenda Marekani akatoa mihadhara, akajibu maswali kwa subira, akarudi kwao. Desemba 2005 aliacha kazi katika Taasisi ya Hisabati ya Steklov. Juni 2006 John Ball, rais wa Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, alisafiri hadi St. Petersburg akamsihi kwa saa 10, katika siku mbili, aipokee Medali ya Fields, tuzo kuu ya wanahisabati. Alikataa. Agosti ya mwaka huohuo jina lake likatangazwa mjini Madrid, na mwenyewe hakuwepo.

Hapo ndipo sifa ya kwanza ya makala inapoonekana, nayo ni sifa ya miguu kuliko ya kalamu. Dunia nzima ilikuwa ikimwandika Perelman kwa tetesi, lakini Nasar na Gruber walimfikia. Namna walivyomfikia wameieleza bila kujikweza. Walimwandikia baruapepe zisizojibiwa. Wakaenda hadi jengo analoishi, na kwa kuwa hawakutaka kumvamia, wakaacha kitabu cha maandiko ya Nash katika sanduku lake la barua pamoja na kadi ya kusema kesho watakuwa wamekaa kwenye benchi, uwanja wa watoto ulio jirani. Kesho yake hakutokea. Wakaacha boksi la chai na karatasi yenye maswali yao. Wakarudia mara ya tatu. Mwishowe wakabonyeza kengele wakitumaini kuongea na mama yake tu, mlango ukafunguliwa, na Perelman mwenyewe akawapokea kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu. Kumbe hakuwa amefungua baruapepe kwa miezi, wala sanduku la barua kwa wiki nzima. Hakujua hata ni akina nani.

Tukio hilo dogo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kila mhariri angependa lisomeke kama hadithi ya fikra mkuu anayejificha, na waandishi wengi wangemaliza hapo. Wao waliliacha lionyeshe jambo la kawaida zaidi: mtu ambaye hakujibu kwa kuwa hakusoma, na alipokutwa aliongea. Akatembea nao mjini kwa saa kadhaa, akajibu maswali, akaeleza sababu zake. Masha Gessen alitoa kitabu kizima juu ya Perelman mwaka 2009, kitabu kizuri, lakini bila kupata mahojiano naye. Kwa hiyo maneno aliyoyasema kwa Nasar na Gruber yamebaki kuwa hazina, na kila anayemwandika sasa anayachota humo.

Tena maneno hayo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Perelman alisema kwamba mwaka 1996 alimwandikia Hamilton barua ndefu kuhusu wazo lake akitaka washirikiane, hakujibiwa, akaamua kufanya kazi peke yake. Alisema pia kwamba uthibitisho ukiwa sahihi hauhitaji kutambuliwa kwa njia nyingine yoyote. Kuhusu wanaodaiwa kumpokonya sifa, ambao tutawafikia, hakuonyesha hasira kubwa. Kilichomkera ni jumuiya ya wanahisabati yenyewe, watu waaminifu kwa kiasi fulani wanaowavumilia wasio waaminifu. Hilo ni shtaka zito, na linawagusa wengi kuliko mtu mmoja. Nitalirudia.

Sifa ya pili ni ushahidi wa maandishi. Nusu ya pili ya makala inamhusu Shing-Tung Yau, wakati huo wa Harvard, aliyezaliwa Shantou mwaka 1949, akakulia Hong Kong, akafiwa na baba akiwa na miaka 14, akapanda hadi kuthibitisha dhana ya mwanahisabati Calabi mwaka 1976 na kupewa Medali ya Fields ya mwaka 1982. Wanafizikia wanaotafuta muundo wa ulimwengu hutaja jina lake kila siku, kwa sababu maumbo wanayoyatumia yanaitwa kwa jina lake na la Calabi. Katikati ya mwaka 2006 jarida ambalo yeye alikuwa mmoja wa wahariri wake wakuu, Asian Journal of Mathematics, lilichapisha andiko la kurasa zaidi ya 300 la Huai-Dong Cao na Xi-Ping Zhu lililojiita uthibitisho kamili wa jibu la Poincaré. Nasar na Gruber wanaonyesha andiko hilo lilipitaje. Tarehe 13 Aprili wajumbe 31 wa bodi ya wahariri walipata baruapepe fupi ikiwapa siku tatu za kutoa maoni. Andiko lenyewe halikuambatanishwa, ripoti za wataalamu hazikuwemo, hata muhtasari haukuwepo.

Hiyo ndiyo kazi ya uandishi wa habari. Sihitaji kujua mtiririko wa Ricci ili nielewe kwamba mjumbe wa bodi hawezi kupima kurasa 300 asizozitumiwa. Mwandishi amepata mahali ambapo kazi ya kitaaluma inagusana na utaratibu ambao kila msomaji anaweza kuupima, akaweka tarehe, idadi na siku, akanyamaza. Laiti makala yote ingeenda hivyo.

Haikwenda hivyo, na udhaifu unaanza na mchoro. Ukurasa mzima uliotangulia maandishi ulipambwa kwa katuni inayomwonyesha Yau akiinyang'anya medali iliyo shingoni mwa Perelman. Mchoro hauna tanbihi wala "inadaiwa". Kabla msomaji hajafika kwenye sentensi ya kwanza, hukumu imeshatolewa, na ni hukumu ambayo maandishi yenyewe hayathubutu kuitamka wazi. Makala inachoonyesha ni mhariri aliyeharakisha andiko na kiongozi aliyewakweza wanafunzi na wananchi wenzake kupita kiasi. Kuingiza mkono kwenye shingo ya mtu ni jambo jingine kabisa. Waandishi huwa hawachagui michoro, hilo linaeleweka, lakini jarida linachapisha ukurasa mmoja, na msomaji anausoma kama ukurasa mmoja.

Kisha kuna suala la asilimia. Katika mkutano na waandishi wa habari mjini Beijing, kaimu mkuu wa taasisi ya hisabati ya huko, Yang Le, aligawa sifa ya uthibitisho: Hamilton zaidi ya asilimia 50, Perelman kama 25, Wachina (Yau, Zhu na Cao) kama 30. Jumla inapita 100, na makala inamcheka kwa hilo. Aliyesema ni Yang, lakini kicheko kimewekwa katika mfululizo wa matukio ambao kila kiungo chake kinaelekea kwa Yau, na msomaji wa haraka anaondoka akiamini hesabu mbovu ni ya Yau. Hapakuwa na haja ya kicheko. Kugawa uthibitisho kwa asilimia ni jambo lisilo na maana hata jumla ingekuwa 100 kamili, na mwandishi aliyesimama kulieleza hilo kwa sentensi mbili angetufundisha kitu kuhusu kazi ya hisabati, jinsi hatua ya mwisho isivyoweza kutenganishwa na zile zilizoitangulia.

Linalonisumbua zaidi ni mashahidi. Wanahisabati kadhaa wananukuliwa kumhusu Yau, na mmoja wao anamweleza kama mtu anayetaka ufalme wa jiometri. Baada ya makala kutoka, Daniel Stroock wa MIT, mmoja wa walionukuliwa, alijitokeza hadharani akilalamika kwamba maneno yake yamenukuliwa nje ya muktadha wake na sifa alizompa Yau zimeachwa nje. Mtu aliyehojiwa kwa muda mrefu husema mema na mabaya ya mwenzake, hasa wasomi, ambao wamezoea kupima kila upande. Ukichukua nusu moja hujasema uongo kwa maana ya kisheria. Maneno ni yake, sauti imerekodiwa, wahakiki wa taarifa wamempigia simu na ameyathibitisha. Lakini mtu unayemwonyesha siye aliyeongea.

Hapa ndipo The New Yorker, jarida linalosifika kwa idara yake ya uhakiki, linatuonyesha kikomo cha uhakiki. Mhakiki anashika sentensi moja moja: tarehe ni hii, hoteli ni ile, fulani alisema hivi. Mpangilio haumo katika orodha yake. Hakuna anayepewa kazi ya kuuliza kwa nini mabaya kumi yamefuatana na jema likawa moja, wala kwa nini utoto wa umaskini wa Hong Kong umesimuliwa kama mwanzo wa tamaa badala ya mwanzo wa juhudi. Yau alipotuma barua ya wakili tarehe 18 Septemba 2006 akidai kuombwa radhi na kusahihishwa, jarida lilisimama na kazi yake. Shauri halikufika mahakamani. Kwa sentensi moja moja huenda jarida lilikuwa na haki ya kusimama. Ila malalamiko mazito yalihusu picha nzima, na picha nzima haina namba ya ukurasa wa kuusahihisha.

Mtu anaweza kuniambia: lakini makala ilishinda. Na kweli, katika hoja kuu ilishinda. Bruce Kleiner na John Lott walikuwa wameshachambua maandiko ya Perelman mstari kwa mstari, John Morgan na Gang Tian wakaandika kitabu kizima, na wote walikubaliana kwamba uthibitisho ni wa Perelman. Desemba 2006 Cao na Zhu walichapisha sahihisho wakikiri kwamba sehemu ya andiko lao ilikuwa ya Kleiner na Lott, kisha wakalitoa upya kwa jina jipya lililousema uthibitisho kuwa ni wa Hamilton na Perelman. Madai ya ukamilisho yalifutika ndani ya miezi sita. Nasar na Gruber waliona mapema mahali ambapo wengi walikuwa bado wanapepesa macho, na walisema kwa ujasiri.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba usahihi wa hoja kuu unalipa deni la mtu. Makala ya wasifu ina maswali mawili ndani yake: nani alifanya nini, na huyu ni mtu wa namna gani. La kwanza lilijibiwa vizuri. La pili lilijibiwa kwa kutumia jibu la kwanza, kana kwamba aliyekosea kuhusu andiko la Aprili lazima awe amekuwa mnyang'anyi tangu ujanani. Hapo ndipo ugomvi wake wa zamani na Tian, mwanafunzi wake wa zamani, na mabishano mengine ya miaka mingi, yalipoitwa kutoa ushahidi, kila moja kwa aya moja au mbili, ingawa kila moja lilihitaji makala yake. Katika maisha ya msomi wa miaka 57 ugomvi haukosekani. Ukiupanga kwa mfululizo, mtu yeyote anakuwa jambazi.

Na Perelman je? Msomaji anaweza kudhani yeye amefaidika, kwa kuwa ndiye mtakatifu wa hadithi. Sidhani. Mtakatifu haulizwi maswali. Nimesema nitalirudia shtaka lake dhidi ya jumuiya ya wanahisabati: kwamba wanaovunja maadili hawatengwi, ila watu kama yeye ndio wanaojikuta pembeni. Huo ulikuwa mlango wa makala kubwa. Ni nani hasa waliovumilia? Wale wajumbe 31 waliopewa siku tatu, walisema nini? Lakini muundo wa makala ulikuwa umeshamchagua mhalifu mmoja, na mhalifu akiwa mmoja jumuiya inapumua. Maneno mazito kuliko yote katika makala yamebaki kuwa pambo la tabia ya mtu wa ajabu. Tangu hapo waandishi na wapiga picha wamemwandama mtaani kwake, wakitafuta ndevu na mfuko wa sokoni. Swali aliloliuliza hawalifuatilii.

Aliyebanwa kabisa katikati ya wawili hawa ni Hamilton. Anatajwa, anapewa haki ya kuanzisha mbinu, ana aya zake nzuri, lakini ni mtu wa tatu katika hadithi iliyojengwa kwa watu wawili, na hadithi ya mtakatifu na mfalme haina kiti cha tatu. Baada ya makala kutoka, Hamilton aliandika barua, Septemba 2006, kumtetea Yau. Alieleza kwamba Yau ndiye aliyeuona mapema uwezo wa mtiririko wa Ricci, akamhimiza kwa miaka mingi, akawatia wanafunzi wake katika kazi hiyo. Miaka minne baadaye, Julai 2010, Perelman aliikataa ile dola milioni 1 ya Taasisi ya Clay, na kati ya sababu alizozitoa ni kwamba uamuzi ule haukuwa wa haki, kwani mchango wa Hamilton haukuwa mdogo kuliko wake.

Ziweke kauli hizo mbili pamoja. Mtakatifu anasema nusu ya heshima ni ya Hamilton. Hamilton anasema Yau alimsaidia kufika pale. Nasar na Gruber hawakuwa na barua ya 2006 wala uamuzi wa 2010 walipokuwa wakiandika, lakini njia ilikuwa wazi mbele yao: Hamilton alikuwa hai, anafundisha Columbia, chuo kilekile alichofundisha Nasar. Wasifu ambao ungeanzia kwake ungekuwa mgumu zaidi kuupanga, maana ungelazimika kueleza jinsi wazo linavyotoka mkono mmoja hadi mwingine kwa miaka 20, nani alilitia moyo, nani alilikwamua, nani aliliandika upya akasahau kuwataja wenzake. Ile baruapepe ya Aprili ingebaki na uzito wake wote, na siku tatu zingebaki siku tatu. Ila msomaji angeipima akiwa anajua pia kwamba mmoja wa waliosaini baruapepe ile, Yau, ndiye aliyemshika Hamilton mkono wakati ambapo mtiririko wa Ricci ulikuwa na wafuasi wachache.